Mtu Asiyesafirisha Hewa

Siku Protas alipovaa suti kwenda kupakia kontena, Lao Chen, msimamizi wa vijana wa kupakia, alimtazama kuanzia viatu hadi tai, kisha akampa pole. Alidhani amefiwa. Protas akacheka, akamshika bega, akamweleza kwa Kichina chake cha sokoni kwamba hakuna msiba. Leo kuna mgeni, na vijana tafadhali wasiteme mate karibu na mlango. Lao Chen akaenda kuwaambia vijana kwamba laoban, yaani bosi, ana homa.

Homa alikuwa nayo, ila siyo ya kupimwa hospitali. Mgeni aliyekuwa anakuja ni Clementina, na tukitaka kumwelewa Protas wa siku ile inabidi kwanza tumjue Protas wa siku zote, maana hawa wawili hawafanani hata kidogo.

Protas wa siku zote ni mtu wa Kibosho aliyekuja Guangzhou miaka mingi iliyopita kununua viatu vya kuuza Kariakoo. Alikwenda kuangalia mzigo wake ukipakiwa, na pale pale akaona kitu ambacho wenzake hawakukiona. Wenzake waliona kontena limejaa. Yeye aliona mashimo. Aliona friza limefungwa ndani hamna kitu, sufuria tupu juu ya sufuria tupu, birika zimekaa na matumbo wazi. Roho ikamuuma kweli kweli. Akavua shati, akaanza kuchomeka viatu vyake kwenye masufuria ya watu, na jioni ile akapata wateja watatu bila kutafuta. Viatu vyenyewe akaviacha vijiuze, yeye akageuka wakala wa mizigo.

Kujaza matumbo si jambo geni kwa wafanyabiashara wa Kiafrika wa mtaa wa Xiaobei. Kila mmoja huacha mzigo wake kwa wakala ukiwa na maki, yaani alama ya mwenyewe iliyoandikwa kwa kalamu nene, na wakala huchanganya. Soksi za huyu zinasafiri ndani ya jiko la yule, na Dar es Salaam kila mtu anachukua chake. Lakini Protas alilifanya kuwa dini. Mteja wa Kariakoo hanunui hewa, alisema, kwa hiyo mimi sisafirishi hewa. Wakongo na Wakenya wakamwita Bosi Hakuna Hewa, naye akaliandika jina hilo kwenye kadi yake ya biashara.

Maisha yake mengine, samahani kusema, yalikuwa hewa tupu. Mke hana, mtoto hana, chumba chake kina kitanda na mizani. Kila siku alikula kwa Fiona, mama wa Kakamega mwenye mgahawa ghorofani karibu na kituo cha metro, na kila siku Fiona alimuuliza ataoa lini, na kila siku yeye alijibu meli ikishaondoka. Meli ziliondoka nyingi.

Ndipo taa ya mgahawa ikaungua. Protas, kwa wema wake, alipanda kwenye kiti akaitoa, akaitupa kwenye ndoo ya mabaki ya ugali. Dada mmoja aliyekuwa amekaa pembeni na sahani ya samaki akaweka uma chini, akachukua karatasi ya kupangusia mikono, akaingiza mkono kwenye ndoo mbele ya watu wote, akaitoa ile taa.

"Kaka, hii ina zebaki ndani," alisema. "Inakwenda kwenye pipa jekundu, pale chini kwenye kituo cha taka. Ukiivunja humu, sote tunaivuta."

"Kuna sheria ya taa?" Protas akauliza.

Maskini, hakujua anamuuliza nani. Clementina alikuwa mhadhiri wa sheria kutoka Tanzania, mwenyeji wa Bukoba, aliyeletwa na ufadhili kusomea uzamivu, na uzamivu wake wote ulikuwa kwenye taka hatarishi: nani anaruhusiwa kuzikusanya, nani kuzibeba, nani kuzivusha mpaka. Alimweleza kwamba betri ya rimoti ya nyumbani unaitia kwenye pipa jekundu na mambo yamekwisha, lakini betri zile zile zikiwa za biashara lazima aje mwenye leseni, na kila mkono zinaopitia uandikwe. Alimweleza kuhusu Mkataba wa Basel, unaosimamia uvushaji wa taka duniani, na ule wa Bamako, ambao Afrika iliutunga ili isigeuzwe jalala la watu. Samaki akapoa. Protas hakushika hata nusu ya yale maneno, ila mtu anayezungumza hivyo kuhusu taa iliyoungua hakuwahi kumwona, na alipotelemka ngazi aligonga kichwa kwenye bango akaliomba radhi.

Tangu siku ile akawa mtu wa pipa jekundu. Alipita kwa majirani akiomba betri zilizokufa, vipimajoto, dawa zilizopita muda, rangi za kucha zilizokauka, apate tu sababu ya kusimama kwenye kituo cha taka saa ambayo Clementina hupita kwenda metro. Mama mmoja wa Kichina aliyekuwa analinda kituo kile, mwenye kitambaa chekundu mkononi, alipendezwa naye mno, akampiga picha na kuitundika kwenye kikundi cha simu cha mtaa kama mfano wa mgeni mwenye adabu. Clementina akaiona. Jumapili, baada ya misa ya Kiingereza kwenye kanisa kuu la mawe, alimwambia, "Kaka Protas, wewe unatumia taa ngapi nyumbani kwako?" Wakacheka mpaka watu wakageuka. Wiki iliyofuata alimkaribisha senene waliotumwa kutoka kwao, na Protas, mtoto wa Kibosho, ambaye ndugu zake wangemtenga kama wangemwona, akala akaomba tena.

Sasa masomo ya Clementina yalikuwa yamefika mwisho na tiketi ya kurudi ilishakatwa. Ikawa ama Protas aseme, ama abaki na mizani yake. Kwa desturi angetuma mshenga, mzee wa heshima, mwenye maneno ya kuzunguka. Huku ugenini mzee wa heshima atampata wapi? Akamwangukia Fiona.

"Mimi?" Fiona alisema. "Mkenya, mwanamke, muuza ugali, nimposee Mchaga kwa Mhaya huku Uchina? Hiyo ni maajabu. Nakubali."

Na siku ikajileta yenyewe. Clementina aliomba kuona kontena likipakiwa, kwa ajili ya sura ya mwisho ya utafiti wake, na Protas akamwambia njoo, Fiona atakusindikiza. Ndiyo maana ya suti.

Walifika asubuhi wakati kontena limeshajaa zaidi ya nusu. Protas aliwaketisha kwenye viti viwili vya plastiki alivyovifuta mara kadhaa, akaanza kuonyesha ufundi wake. Mchanganyiko wa aibu na furaha ulikuwa umempanda kichwani, alikuwa anaamrisha, anaimba chini chini, anageuka kuona kama ameonekana. Vijana walipobeba mashine ya kufulia yenye maki ya Calvin wakalalamika kwamba ni nzito kupita kawaida.

"Mashine nzuri lazima iwe nzito," Protas akawaambia. "Pandisheni."

Kule kwenye viti Fiona akaona wakati umefika, akakohoa kishenga. "Mwalimu Clementina, mimi nimetumwa. Kuna kijana wetu, si kijana sana, lakini meno yote yapo. Tumemjua miaka mingi. Hanywi akaanguka, hana kelele, anapenda kazi. Na jambo kubwa ni kwamba huyu mtu hafichi kitu. Ukimfungua ndani na nje ni sawa."

Clementina alikuwa anatabasamu akitazama chini. Na kwa sababu alikuwa anatazama chini ndipo akaona matone. Yalikuwa yanatoka kwenye ile mashine ya kufulia, tone baada ya tone, na kwenye sakafu ya saruji yalikuwa yanachemka povu dogo jeupe.

"Ile mashine ni mpya?" akauliza.

"Mpya kabisa," Protas akasema kwa fahari. "Na hayo ni maji tu, si unajua mashine ya kufulia."

"Mashine mpya imefua nguo za nani?"

Hapo uso wa mwanasheria ukaingia na wa mwenye kuposwa ukatoka. Akasimama, akawaambia vijana kwa Kichina safi waiweke chini taratibu na wasiguse majimaji yale, akaomba glavu za mpira. Lao Chen akaufungua mlango. Ndani, zikiwa zimefungwa magazeti na fulana za watoto, zilipangwa betri kuukuu za pikipiki za umeme, nzito, zimevimba, moja imepasuka ubavu na maji yake ya asidi yanatiririka.

Protas alisimama na tai yake. Kwa mara ya kwanza maishani aliona tumbo lililojazwa vizuri na hakulipenda.

"Betri chakavu za madini ya risasi na asidi," Clementina alisema. "Hapa Uchina hizi ni taka hatarishi kwa sheria ya taifa. Kuzitoa nje bila kibali cha serikali kuu ni kosa, na kwetu Tanzania kuziingiza ni kosa vilevile. Kaka Protas, ulijua?"

Fiona akamtazama Protas kwa macho ya kumsihi aseme vizuri.

"Sikujua," Protas akasema. "Ila kuangalia ni kazi yangu, na sikuangalia. Nilikuwa natazama mlangoni kama umefika."

Vijana wawili wasiojua Kiswahili wakacheka tu kwa jinsi alivyolisema. Clementina hakucheka, lakini alitazama chini tena. Kisha akauliza kama ziko nyingine.

Calvin akapigiwa simu. Alifika mbio akitokea soko la nguo la Shisanhang na mabegi ya nguo mikononi, kijana mnene wa Temeke mwenye maneno mengi, na maneno yote yakamwishia alipoona mashine imefunguliwa. Akasema ni vipuri. Akasema kaka yake ana karakana nyuma ya nyumba, wanaziyeyusha wanatoa risasi ya kutengenezea vitu vidogo vidogo, dunia nzima inafanya.

"Kaka yako ana watoto?" Clementina akamuuliza.

"Wawili, dada."

"Wanacheza wapi?"

Calvin akatazama zile fulana za watoto zilizofungia betri. Clementina akamwambia bila ukali kwamba moshi wa risasi unakaa kwenye damu ya mtoto na kumwibia akili polepole, na kwamba hakuna dawa ya kuirudisha. Calvin akakaa juu ya begi lake, na baadaye kidogo akasema kwa sauti ya chini kwamba mashine zake ni nne, na nyingine tatu zimejazwa hivyo hivyo, na betri zilizozidi, zikiwa zimefungwa magazeti, aliwaomba vijana wa kupakia wazichomeke popote penye nafasi. Popote. Kwenye kontena la Bosi Hakuna Hewa, popote maana yake ni kila mahali.

Nje dereva wa lori alikuwa anapiga honi, maana kontena lilitakiwa bandarini Nansha kabla ya jioni. Na hapa ndipo Protas alipoanza kutoka jasho ambalo halikuhusu meli. Tatizo ni kwamba ndani kabisa mwa kontena lile, kwenye friza kubwa jeupe lililoingia mwanzo, palikuwa na kitu ambacho si cha Calvin. Kilikuwa chake yeye. Ukisema shusha vyote, kitashuka na hicho, mbele ya Clementina mwenyewe.

Clementina aliona jasho. Aliona anavyolitazama lile kontena, na uso wake ukapoa.

"Kuna kitu kingine humo usichotaka nikione," alisema.

"Kipo," Protas akajibu. "Lakini siyo taka."

Kisha akavua koti la suti, akalikunja, akamkabidhi Fiona, na kumwambia Lao Chen, "Shusheni vyote. Kila tumbo lifunguliwe."

Lao Chen akamuuliza mara mbili kama ana uhakika, halafu akatikisa kichwa kwa masikitiko, homa imezidi. Protas akawapigia simu wateja wake mmoja mmoja akawaambia ukweli, mzigo hautaondoka na meli ya leo, kuna taka hatarishi imeingia, mwenye kutaka kunitukana aje huku huku atusaidie kushusha. Nao wakaja, baadhi wakitukana kweli. Lakini ni vigumu kuendelea kukasirika ukiwa unashusha mzigo wa Protas. Kwenye majiko ya gesi zilitoka nywele za bandia. Kwenye birika zilitoka sidiria. Mama mmoja wa Mombasa alifungua ngoma ya watoto akakuta ndani kuna seti nzima ya vijiko, na ndani ya kila kikombe cha kahawa kulikuwa na soksi, na ndani ya soksi kulikuwa na vijiti vya masikio. Watu wakaanza kushindana kukisia kabla ya kufungua, mshindi anashangiliwa. Fiona akaagiza chapati kutoka mgahawani. Calvin, kwa kutubu, alibeba kuliko wote, na kila betri iliyopatikana ilipelekwa na kijana mwenye glavu kwenye beseni la plastiki alilolichagua Clementina.

Mchana walifika watu wa kampuni yenye leseni, wamevaa ovaroli na barakoa, na mapipa ya njano yenye alama. Walipima, wakabandika, wakaingiza kwenye mfumo wa serikali, wakamhoji Calvin wapi alizinunua, na Protas akaweka sahihi kama mwenye ghala. Alipoiona gari yao ikiondoka moyo ulimwelea juu hivi kwamba akawapungia mkono.

Alipogeuka, Lao Chen alikuwa ameinama kwenye friza jeupe. Akatoa gambuti mbili nyekundu za mvua, za kike, zimefungwa kwa kamba ya dukani. Kiswahili hakijui, kwa hiyo akampa aliyekuwa karibu asome maki.

Clementina akasoma. Maandishi yalikuwa ya Protas mwenyewe, kwa kalamu nene: MAMA MKWE, BUKOBA.

Watu wote wakasogea kuona, hata waliokuwa wanatafuna.

"Bosi," Calvin akasema, maana ni mtu asiyejua kunyamaza kwa muda mrefu, "mama mkwe yupi? Wewe si huna mke?"

Fiona akaficha uso kwenye koti la suti. Protas alitamani kuingia kwenye friza na kujifungia, na nafasi ilikuwepo. Clementina akakaa juu ya boksi, akaanza kutoa vitu. Gambuti hazikuwa tupu, zingekuwaje tupu? Kwenye ya kulia mlitoka kitenge cha rangi ya zambarau, na ndani ya kitenge chupa ndogo ya chai. Kwenye ya kushoto mlitoka mwavuli, na tochi, na kopo la dawa ya kuchua magoti.

"Ulisema shambani kwao mvua haikatiki," Protas akasema. "Na kwamba magoti yanamsumbua. Na mguu wake ni namba yako."

"Na hii tochi ina betri," Clementina akasema. "Umeitangaza forodhani?"

"Sijaitangaza."

"Na mimi ulikuwa hujaniambia kitu."

"Nilikuwa nimemtuma Fiona."

"Fiona ametumwa leo. Gambuti zimeingia kontenani tangu lini?" Alikuwa anajitahidi sura yake ibaki ya kimahakama, lakini pembe za mdomo zilikuwa zimeshamsaliti. "Unajua kaka Protas, mkataba wote wa Basel umesimama juu ya jambo moja. Mzigo hauvuki mpaka kabla anayepelekewa hajaarifiwa, akaelewa ni nini, na akakubali mwenyewe. Asipokubali, hauondoki. Wewe umepakia kwanza."

Akatoa simu akapiga nyumbani, akaweka sauti ya wazi. Kwao ilikuwa bado asubuhi, na mvua ilisikika ikipiga bati.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Mbona kuna kelele, uko sokoni?"

"Niko kwenye ghala la mizigo. Mama, kuna mtu anataka kukuletea gambuti. Na kitenge. Nakuarifu rasmi ili useme kama unakubali."

Mama Rozina, maana ndilo jina lake, alifikiri. Yeye ndiye aliyemfunza mwanawe kuuliza maswali. "Ni nani huyo, na anataka nini?"

"Ni mtu mmoja ameacha meli iondoke, ameshusha kontena zima kwa mikono yake amevaa tai."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu nilimwambia kuna kitu kibaya ndani."

Mvua ikaendelea kupiga bati la Bukoba, na ghalani Guangzhou watu wazima zaidi ya kumi walikuwa wameizunguka simu moja.

"Na wewe," mama akasema, "umemkubali?"

"Mimi nimemkubali, Mama."

"Basi na mimi nazipokea. Ila asizitume kwenye meli na masufuria ya watu. Azilete mwenyewe, nimwone."

Vigelegele vilivyopigwa pale vilimtoa dereva wa lori garini kuja kuona nani ameumia. Protas alicheka, akalia, akacheka tena, akamkumbatia Lao Chen, ambaye mwishoni alielewa ugonjwa ule ni wa aina gani na kumpa mkono wa pongezi. Calvin alikuwa kwenye simu, anamwambia kaka yake awatoe watoto nyuma ya nyumba. Clementina alirudisha vitu kwenye gambuti kimoja kimoja, akaziweka mapajani.

Kontena lilipakiwa upya siku iliyofuata, na kila tumbo lilikaguliwa kabla ya kujazwa. Likabaki friza jeupe, na nafasi ya gambuti bado wazi ndani yake. Lao Chen akaleta mfuko wa soksi wa kuichomeka. Protas akaitazama ile nafasi, akautazama ule mfuko, akasema buyong, hakuna haja, akafunga mlango wa friza kwa mkono wake mwenyewe, na hewa yake ndani, likaenda Dar es Salaam hivyo hivyo.